Taa ya Njano

Mtunza nyaraka, ambaye jicho lake halikupitwa na ukurasa uliokosewa namba, hakugundua ni lini fundi wa mitambo ya kuzima moto aliacha kuja na gari la kampuni, akaanza kuja kwa miguu. Alichokisikia yeye ni hodi tu.

Ghala lake lilikuwa chini ya jengo, limesheheni hati za kuzaliwa, za ndoa na za vifo vya mji mzima. Wenzake walikwisha kuhamia ghorofani, kwenye kompyuta. Juu ya rafu yalipita mabomba membamba yenye vinyunyizio vya shaba. Moto ukizuka, fundi alimweleza, vinyunyizio hivyo hutema maji laini kama ukungu, yakaupoza moto na kuukaba pumzi kabla karatasi hazijalowa.

Kosa lilianza bila nia. Akipangusa vumbi kwenye chumba cha pampu, aliligusa gurudumu la vali ya kufungulia maji, likazunguka, na taa ya njano ikawaka. Fundi akaja, akaifungua vali, akanywa chai, wakazungumza hadi adhuhuri. Nyumbani kwa mtunza nyaraka, hodi ya mwisho ilikuwa imepigwa na mtu aliyekosea mlango.

Mwezi uliofuata, mkono ulikwenda wenyewe.

Tangu hapo aliifunga vali kila alipozidiwa na kimya, kisha akaipiga namba aliyoachiwa na fundi. Naye hakuchelewa. Aliinama, akazungusha gurudumu, akajifuta mikono.

"Mtambo huu una deko, dada. Kama kitinda mimba, usipoangaliwa, unalia."

"Na nani aliyeudekeza?"

"Mimi, labda," alisema fundi, akavuta kiti.

Lakini chai ikiisha, haya ilimrudia. Vali ikifungwa, maji hayapiti. Cheche moja tu, na mji mzima ungepoteza majina yake kwa ajili ya birika lake. Kwa hiyo hakuthubutu kutoka ghalani kabla fundi hajafika. Alikaa katikati ya rafu, akinusa hewa. Kila mara aliapa kuacha, na kiapo chake kilidumu kama cha mlevi.

Wakaguzi wa kampuni ya fundi walikuja mara moja kwa mwaka, tena kwa taarifa, na siku hiyo taa ilikuwa kijani. Mwaka huu hawakutoa taarifa. Alikuwa amekwisha kufunga vali na kupiga simu, hodi ikaja mapema mno. Mlangoni alisimama msichana mwenye sare, mgeni kwake, akaomba aoneshwe chumba cha pampu.

Taa ya njano iliwakodolea macho. Uongo ulimjia mtunza nyaraka hadi kwenye ncha ya ulimi. Akazitazama rafu, akaumeza.

"Nimeifunga mimi," alisema. "Na si mara ya kwanza. Niandikie lolote unaloona linanistahili."

Mkaguzi alipiga magoti, akamulika nyuma ya vali, akalifuata bomba kwa kidole. Kisha akafungua kinyunyizio cha majaribio. Ukungu mweupe ukaijaza pembe ya chumba, na vali bado imefungwa.

"Mama, vali hii haizuii kitu," alisema. "Kuna bomba limepitishwa nyuma yake, maji yanapita huko. Ukiifunga inawasha taa, basi. Nani kaifanya kazi hii?"

"Fundi wenu. Yuko njiani, anakuja."

Mkaguzi aliinuka taratibu, akimtazama.

"Yule mzee? Basi hii itakuwa ndiyo kazi yake ya mwisho kwetu, mama. Alistaafu mwaka juzi."

Tangu siku hiyo vali haikufungwa tena. Simu aliendelea kuipiga.