Mkono Mmoja na Wawili

Machimbo yalipoporomoka, walionaswa chini waligonga bomba: mara moja, kimya, kisha mara mbili. Msimamizi Kitwana akaelewa ni watatu. Watatu walipotolewa wakiwa wamezirai, akaamuru shimo lifukiwe kabla ya kuta kuanguka.

Tunu, mke wa mchimbaji ambaye hajaonekana, alifika akihema.

"Waligonga vipi?"

Akaambiwa. Akasimama mbele ya tingatinga la kufukia shimo.

"Wachimbaji hawa huhesabu kwa mikono, Bwana Kitwana. Kishindo cha kwanza ni mkono mzima, watu watano. Ongeza wawili. Wanne bado wako chini."

"Kuta hazingoji, mama."

Hakusogea. Kitwana akachukua sururu, akashuka. Tunu akamfuata. Walifukua hadi vidole vya kijivu vikajitokeza kwenye udongo. Tunu akavishika kabla hajajua ni vya nani.