Nyuzi Sikioni mwa Chui

Chui, mkuu wa usalama wa msitu, hakumwamini hata mama yake mzazi. Basi akamwajiri Buibui, fundi mpenda sifa, atandaze nyuzi kutoka kila kiota na kila shimo hadi sikioni mwake.

"Mkuu, sasa hata ndoto zao utazisikia," Buibui alijigamba.

Chui akajilaza kusikiliza. Nyuzi zikamletea pumzi za vichanga, mvumo wa nyuki na nyimbo za kubembeleza watoto, mpaka naye akapitiwa na usingizi. Akaweweseka: "Mama, usiniache, naogopa!" Nyuzi zile zile zikaipeleka sauti yake kila kiota na kila shimo.

Alipoamka, alimkuta Digidigi, aliyezoea kumkimbia, amesimama mlangoni wala hatetemeki.

"Pole, Mkuu," akasema Digidigi. "Mama anasema uje ulale kwetu."