Tundu Lisilo na Kazi

Mwatabu alisimama mbele ya jaji. Mezani palikuwa na mashine mbili za kukuna mihogo: moja aliibuni mwenyewe katika karakana yake, nyingine ilitoka kwenye kiwanda kilichomshtaki kwamba ameiba ubunifu wao. Walitaka anyang'anywe hataza, ile hati inayompa mbunifu haki ya kifaa chake.

Aliomba kumuuliza mhandisi wa kiwanda swali moja tu.

"Bwana mhandisi, hili tundu dogo kando ya kisu mliliweka la nini?"

Mhandisi alikohoa. "La kupitisha hewa, mama."

"Mheshimiwa Jaji," Mwatabu alisema, "tundu hilo halina kazi yoyote. Bati la mashine yangu hii ya kwanza nililikata kwenye kibao cha duka la zamani. Hapo palipigiliwa msumari."

Akafungua bati lake na kuligeuza. Nyuma yake maandishi ya duka yalikuwa bado yanasomeka. Jaji akaagiza lifunguliwe boksi la mashine mpya ya kiwanda. Tundu lilikuwa palepale.

Ukumbi mzima ukalipuka kwa vigelegele. Kesi ikatupwa, hataza ikabaki yake.

Nje, wakili wa kiwanda alimkimbilia na karatasi.

"Mama, tupe leseni tuendelee kuzitengeneza. Weka sahihi hapa tu."

Mwatabu aliketi kwenye benchi, akavaa miwani, akaanza kusoma ukurasa wa kwanza taratibu, neno kwa neno. Wakili alisimama juani, kalamu mkononi.