Swali la Watoto

Bonifasia hakumwamkia baba yake. Alibana mkonga wa simu sikioni, akasoma kama karatasi ilivyotaka: "Ndugu, habari za asubuhi. Tunakusanya maoni ya wananchi. Je, uko tayari kujibu?"

"Nzuri, ndugu karani," sauti ikajibu kutoka Kibimba. "Niko tayari."

Baba hakumjua. Angemjuaje? Nyumbani walisemezana Kihangaza tu, na simu yenyewe ilikuwa ikikwaruza kama mtu anayekokota bati. Hata hivyo mwili ulimsisimka kwa aibu. Hakuwahi kusema na baba bila shikamoo.

Bonifasia alikuwa mwanafunzi wa ushonaji hapo Ngara mjini. Likizo hiyo ya mwaka wa vita, wataalamu wa maoni walitafuta msichana mwenye sauti inayosikika, awaulize wanavijiji kwa simu ya ofisi ya wilaya. Huko Kibimba, katekista Anastazi aliwaita watu mmoja mmoja kwenye simu ya misheni. Modestus, msimamizi kutoka chuo kikuu, alikaa mbele ya Bonifasia akisikiliza kwa kisikilizio cha pili. Masharti yake yalikuwa mafupi: soma kilichoandikwa, na ukimpata mtu wa nyumba yenu, sema, aulizwe na mwingine.

Aliyetangulia, jirani yao Nzeyimana, alipiga kelele kana kwamba anaita ng'ombe ng'ambo ya bonde. "Mnauliza tunakula nini. Mnakuja lini kula?" Modestus alicheka mpaka akavua miwani. Kisha Anastazi akashika simu. "Anayefuata ni Mzee Ildefonce. Msimweke muda mrefu, siku hizi halali vizuri."

Hapo ndipo Bonifasia angesema, huyu ni baba yangu. Badala yake alivuta karatasi mpya.

Alitaka kusikia jibu la swali la watoto.

Nyumbani kwao, mgeni akimwuliza baba ana watoto wangapi, baba alijibu, "Mmoja." Huyo alikuwa Desderius. Na Bonifasia yupo papo hapo, amepiga magoti anampa huyo mgeni kibuyu cha pombe. Baba hakukusudia kumwumiza. Ndivyo wazee wa kwao walivyohesabu: msichana ni wa watu, anakaa tu akingoja kuondoka. Lakini kuumia aliumia. Siku alipokwenda kuanza kushona, Desderius ndiye aliyembebea sanduku mpaka barabarani. "Mzee akinihesabu mimi, ujue amekuhesabu na wewe," alimwambia, anacheka. "Si tulinyonya ziwa moja?" Haukupita muda naye akaitwa mgambo, akavuka na wenzake kwenda vitani Uganda.

Sasa baba alikuwa anaulizwa na serikali, kwa Kiswahili, hana mgeni wa kumtambia. Pengine leo angesema wawili. Bonifasia hakutaka kingine.

"Je, maisha ni bora kuliko kabla ya kuhamia kijiji cha ujamaa?"

"Maji yamekuwa karibu. Shamba ndilo limekuwa mbali. Wewe andika ni bora."

"Shamba la kijiji linaendeleaje?"

"Migomba ipo. Vijana wa kuilimia ndio hatuna."

"Je, umeridhika na habari unazopata kuhusu vita?"

Simu ikakwaruza. "Redio imesema tumeshinda," baba akasema.

"Umeridhika sana, kiasi, au hukuridhika?"

"Andika nimeridhika, ndugu karani. Mimi ni nani nisiridhike?"

Modestus akaitikia kwa kichwa kwamba vizuri, endelea.

"Una watoto wangapi?"

Pumzi ya baba ilisikika ikipanda na kushuka. Nyuma yake Anastazi alisema polepole, kwa lugha ya nyumbani, "Jibu tu, mzee, umalize ukapumzike."

"Anayehesabiwa ni yupi?" baba akauliza.

"Wote," Bonifasia akasema haraka. Hilo halikuwa kwenye karatasi. Modestus akamkunjia uso. "Wote ulio nao, mzee. Hata wa kike."

"Mmoja," baba akasema.

Bonifasia akaandika moja. Penseli ikavunjika ncha, akachukua nyingine. Kumbe hata akibembelezwa. Alitamani kumwuliza: na aliyekuwa akikuchotea maji ya kunawa kila alfajiri alikuwa mtoto wa nani? Machozi yakamlenga. Akainama ili Modestus asione, akawaza kwamba Desderius akirudi atamweleza yote, na Desderius atamcheka kwanza, halafu atakwenda kugombana na mzee kwa ajili yake.

Modestus aligonga meza kwa kidole. Lilibaki swali moja.

"Wa kiume au wa kike?" Bonifasia akasoma.

"Wa kike," baba akasema. "Yuko huko huko mjini kwenu, anasoma kushona. Ukikutana naye, ndugu karani, nakuomba usimwambie kitu. Ninakuja mwenyewe kesho."