Ua la Kona

Wivine alikiona kitambaa kabla hajakaa: maua ya njano aliyoyashona mwenyewe mwaka mzima, yametandazwa kwenye meza ya jirani yake.

Kila bonane, mwaka ukigeuka, familia yake ilikuwa ikiweka mezani vitu ilivyovipenda mwaka ule na kuvisimulia. Safari hii vingekuwa redio ya mumewe, kitabu cha sayari cha bintiye, na kitambaa hiki. Lakini mwezi wa kumi askari walipora mji, wakavunja milango, na watu wa mtaa wakaingia nyuma yao kubeba vilivyobaki.

Redio nayo ilikuwa pale, juu ya kabati, ikiimba taratibu. Wivine aliisikiliza kama mtu anayesikia mvua ikinyesha mtaa wa pili.

Kwenye kona ya kitambaa ua la mwisho lilikuwa nusu, alama za penseli bado zinaonekana. Akapitisha kidole juu yake.

"Nilipata ku soko, yaya, dada yangu," jirani alisema akimimina chai. "Iko muzuri, ila hii kona haikuisha. Na uzi wa rangi hii sioni fasi yoyote. Weye unajua kushona. Utanimalizia?"

Wivine akainua kikombe, akanywa, akakirudisha.

"Uzi wake iko kwangu," alisema.