Simu Chini ya Kanga

Shangazi Kibibi alikuwa ameificha simu ya Mwanahawa mapajani, chini ya kanga. Habari ya kifo huambiwa mtu ana kwa ana, na shemeji aliyetakiwa kumwambia Mwanahawa kwamba mumewe, Baba Salma, amefariki alikuwa bado njiani. Lakini kundi la ukoo mtandaoni halikumsubiri. Salamu za pole zilimiminika, simu ikatetemeka bila kupumzika.

"Nipe simu yangu, shangazi. Huyo ni Baba Salma."

"Bandika chai kwanza, mwanangu."

"Chai ya nani?"

Mlangoni majirani walikuwa wakivua viatu kimya kimya. Mwanahawa alivitazama viatu vile.

Shangazi alipoinuka kuwazuia, simu ikaanguka sakafuni pamoja na kanga, ikiwaka. Mwanahawa akachuchumaa, akafumba macho, akaifunika tena kwa ile kanga.