Betri Kifuani mwa Mama

Kamera ilizimika mkononi mwangu mara tu Mama alipovua viatu ili akanyage viazi.

Viazi vilikuwa vimelala nje siku tatu, vikagandishwa na baridi ya usiku ya Juni huku milimani kwetu, na sasa jua lilikuwa limevilainisha. Mama akavikanyaga kwa miguu mitupu ili kuvikamua kabla hatujavikausha viwe akiba, maji yakachuruzika katikati ya vidole vyake.

"Imekufa," nikasema. "Baridi imemaliza betri."

"Afadhali. Nilikwambia piga picha viazi, mimi uniache."

Ndivyo alivyoniambia kila mwaka tangu Baba afariki. Ukutani kwetu picha ya Baba inaning'inia peke yake, na mimi saa sita mchana huo ningepanda lori la kurudi mjini La Paz.

Nikaitoa betri, nikaipulizia pumzi. Mama akanitazama, akaangua kicheko.

"We Nilda, huko mjini wanawafundisha nini? Hebu lete hapa."

Akaipokea kwa vidole vyenye maganda ya viazi, akaisukumiza kifuani, chini ya sweta mbili, pale pale anapowapasha joto wanakondoo wanaozaliwa siku za baridi. Akaendelea kukanyaga, mkono mmoja kifuani, kana kwamba kile kitu kingeweza kulia.

Nikangoja.

Aliponirudishia, betri ilikuwa na joto la yai lililotoka kutagwa. Nikaipachika, taa ya kijani ikawaka, nikaielekeza kamera kwenye viazi.

"Viazi tena?" Mama akasema, huku akiiweka sawa kofia yake.